Gurudumu Si Mguu

Nilimsifu mtoto wa mdogo wangu, na sifa ile nusura imuue. Hapa Pemba wengi wanaamini kwamba sifa humdhuru mtu, na wanaposema hivyo maana yao ni jicho: umemtazama mtoto mzuri, umemsifu, hukusema mashallah, jioni mtoto ana homa. Miye nilisema mashallah. Niliisema kwa sauti, mbele ya baba yake, na kila mtu akaisikia. Madhara yalikuwa katika maneno yaliyofuata.

Ili jambo hili lieleweke, nianze na miwani.

Nilipomaliza kidato cha nne nilichaguliwa kwenda bara kujifunza urubani. Kijijini kwetu Ole hapakuwahi kutoka mtu kwenda kusomea kitu kama hicho. Mama yangu aliuza kuku, baba akachinja mbuzi, na mdogo wangu, ambaye alikuwa hodari wa hesabu kuliko miye, akaacha skuli ili ashike mikarafuu badala yangu. Hakuna aliyemlazimisha. Alisema tu, "Kaka nenda, miti nitaiangalia." Siku ya kuondoka watu waliniita Rubani kabla sijaigusa ndege hata moja.

Nilikaa huko miezi saba. Nilijifunza kwenye ndege ndogo ya viti viwili, na mwalimu wangu alikuwa mtu mnene asiyecheka, aliyependa kutafuna karanga tukiwa angani. Kupaa nilikuwa najua. Kwenda sawa nilikuwa najua. Kutua siku ambayo hewa imetulia nilikuwa najua vile vile. Kilichonishinda ni upepo wa ubavuni, ule usiokuja mbele yako wala nyuma yako bali unakusukuma kutoka pembeni. Ukitua na upepo huo kutoka kushoto, unalaza bawa la kushoto chini kidogo kwa usukani, na kwa mguu wa kulia unakanyaga pedali inayogeuza mkia, ili pua isielekee kwenye upepo. Mkono unavuta huku, mguu unasukuma kule. Mara ya kwanza mwili unakataa, kama kuandika kwa mkono usio wako.

Mwalimu alikuwa akirudia jambo moja kila siku: "Usiachie mpaka isimame." Nilimwitikia kila siku.

Mama yangu alikuwa na desturi yake, naye aliipokea kwa mama yake. Ukitoka safarini, iwe ya gari, ya meli au ya punda, mguu wako ukigusa ardhi useme Alhamdulillahi na upanguse uso kwa viganja vyako. Alitufundisha hivyo tangu tunatambaa. Tulikuwa tukishuka kwenye gari la mkaa tunafanya hivyo bila ya kufikiri, kama mtu anavyofumba macho akipiga chafya.

Safari yangu ya tatu ya kuruka peke yangu, upepo ulikuwa wa ubavuni. Nilishuka vizuri. Bawa la kushoto chini, mguu wa kulia imara. Magurudumu yakagusa lami, nikasikia ule mlio wa mpira, na mdomo wangu ukasema Alhamdulillahi. Mikono ikaenda usoni.

Ilikuwa muda wa kupepesa jicho tu. Upepo ukaingia chini ya bawa, ukalinyanyua, mkia ukasukumwa kulia na pua ikageuka kushoto, nami nikatoka nje ya barabara nikaenda kusimama kwenye majani, bawa moja limevunjika ncha. Sikuumia. Mwalimu alikuja akitembea, hakukimbia. Alinitazama, akatema ganda la karanga, akaniuliza mikono yangu ilikuwa wapi. Nikasema upepo ulikuwa mkali. Wakanipa nafasi nyingine, na safari hii nikashindwa kabla hata ya kugusa ardhi, maana nilikuwa natetemeka. Baada ya hapo wakanirudisha nyumbani.

Kabla ya kupanda meli nilipita kwa muuza miwani nikanunua miwani. Macho yangu yalikuwa mazima. Nilipofika Ole niliwaambia watu kwamba daktari ameniona nina kasoro ya macho, na mwenye kasoro hiyo hapewi ndege. Mama akalia, akasema ni kadari. Mdogo wangu akanishika bega. Nami nikavaa miwani ile kila siku, miaka yote, kazini na harusini na matangani, mpaka uzee ukaja ukayafanya macho yangu yawe mabovu kweli.

Nilipata ukarani katika ofisi moja ya serikali Chake Chake, nikaoa, nikapanga mjini. Jina la Rubani likabaki. Wengine waliniita kwa heshima, wengine kwa mzaha, na miye niliitika kwa wote. Pale barazani tunapokunywa kahawa, ndege ikipita juu mtu atauliza, "Rubani, ile inakwenda wapi?" Nami nitainua shingo na kujibu kama mwenye kujua. Lilikuwa jina la uongo, lakini nililipenda. Sikuwa na jingine.

Halafu mdogo wangu akapata mtoto wa mwisho, wa kike, na mtoto yule akawa na akili ya hesabu ya baba yake.

Alipofaulu masomo ya sayansi akapata ufadhili wa kwenda bara kusomea urubani. Baba yake alikuja mjini kunipa habari mwenyewe, kwa baiskeli, kutoka Ole mpaka mlangoni kwangu, jasho linamtiririka na uso umejaa furaha.

"Kaka," akasema, "damu yako imerudi."

Nilimkumbatia. Nilisema maneno yote yanayosemwa. Alipoondoka nikamwambia mke wangu kichwa kinaniuma, nikalala kitandani mchana kutwa. Nilijiambia ni uzee. Kilichokuwa kinaniuma kilikuwa kitu kingine: ningeweza kuvumilia mtoto wa mtu mwingine yeyote kisiwani, lakini si wa huyu. Huyu aliyebaki na miti. Mtu aliyesoma mpaka darasa la saba, ambaye mpaka leo hajui mkia wa ndege una kazi gani, ndiye angekuwa baba wa rubani, na miye ningekuwa nani?

Wivu wa mzee ni mbaya kuliko wa kijana. Kijana akiona wivu anaweza kukimbia akatafute chake. Mzee anakaa nao barazani, anaunywea kahawa.

Kila kitu cha mtoto yule kiliniuma. Alituma picha kwenye simu, amevaa shati jeupe lenye mistari mabegani, na mdogo wangu akaenda kuichapisha kubwa akaitundika sebuleni, mahali ilipokuwa picha yangu niliyopigwa siku ya kuondoka. Yangu aliihamishia chumbani. Hakuitupa, lakini niliuona ukuta. Harusini mdogo wangu akawa anawekwa mbele. Watu wanamuuliza mambo ya ndege na yeye anajibu! Siku moja nilimsikia akimwambia mtu kwamba ndege ikichoka huko juu inaweza kusimama kidogo ikapumzika. Watu wakaitikia kwa vichwa. Miye niliyejua nikanyamaza, nikaona raha yenye uchungu kwamba wote ni wajinga.

Kilichonimaliza ni siku ile sokoni Chake. Nilikuwa nanunua ndizi, nikasikia mtu nyuma yangu anaita, "Rubani! Rubani!" Nikageuka, nimeshaandaa tabasamu. Alikuwa muuza samaki, rafiki yangu wa barazani wa miaka mingi, na wala hakuwa ananitazama miye. Alikuwa anamwita binti wa mdogo wangu, aliyekuja likizo, anavuka barabara na mama yake.

Yule rafiki aliponiona akacheka. "Aah, yakhe, samahani. Weye sasa ni Rubani mstaafu."

Nilicheka pia. Ndizi nikaziacha pale pale.

Ikafika siku ya ndege yao ya mafunzo kuja kwenye uwanja wetu. Ilikuwa safari ya mazoezi, yeye na mwalimu wake, watue, wapumzike saa moja, warudi. Kusi, ule upepo mkali wa kusini, lilikuwa limeanza lakini halijapamba moto. Tulikwenda wachache, miye na mdogo wangu na mkewe, tukasimama kwenye uzio. Mdogo wangu alinipa nafasi ya mbele. "Weye utatufahamisha, kaka," akasema.

Ndege ikaja kutoka kaskazini, ndogo, nyeupe, na upepo ukiwa mkono wake wa kushoto. Niliiona inavyokuja kiupandeupande, pua kwenye upepo, kama kaa, na ilipokaribia chini akainyoosha. Bawa la kushoto likalala. Nilikuwa nataka nini? Nimejiuliza mara nyingi. Sikutaka aumie. Nilitaka kutua kwake kusiwe kuzuri.

Kulikuwa kuzuri, mpaka magurudumu yalipogusa. Hapo hapo kile kipande cha nyuma ya bawa la kushoto, ambacho kinapaswa kubaki kimesimama ili kulikandamiza bawa chini, kikalala. Bawa likanyanyuka kidogo na pua ikatafuta kushoto. Kisha kikasimama tena kwa ghafla na pua ikarudi. Mtu mwingine angeona ndege imeyumba tu. Miye nilijua kwamba aliyeirudisha hakuwa yeye. Mwalimu alikuwa ameishika.

Alikuja kwetu anakimbia.

"Shikamoo, Ba'mkubwa!"

"Marahaba, mwanangu."

"Mwalimu kanigombeza," akasema, huku anacheka na kuhema. "Ati nimelegea. Miye nimesema Alhamdulillahi tu, kama bibi alivyotufundisha. Gurudumu limegusa, nimesema Alhamdulillahi nimepangusa uso. Mkono mmoja tu, Ba'mkubwa! Basi kelele zote zile." Akanitazama. "Weye umeonaje?"

Hakuwauliza baba yake wala mama yake. Aliniuliza miye, kwa sababu katika ukoo wetu wote ni miye peke yangu niliyewahi kushika usukani ule. Na jawabu nilikuwa nalo. Nilikuwa nalo tangu ujana, nilililipia kwa maisha yangu yote, na lilikuwa la maneno machache: mwanangu, gurudumu si mguu. Ningelisema pale pale lingemkaa mpaka anakufa.

Lakini kulisema ningehitaji kueleza nimelijuaje. Miwani ilikuwa usoni. Na mdogo wangu alikuwa amesimama pembeni, uso umejaa furaha ile ile ya siku ya baiskeli.

"Mashallah," nikasema. "Umetua kama kipepeo. Usimsikilize sana yule. Walimu hao wakimwona mwanafunzi hodari lazima watafute la kusema, ili waonekane wana kazi. Huko kulegea ndiko kutua kwenyewe."

"Unaona?" mdogo wangu akamwambia mwanawe. "Msikilize baba yako mkubwa. Huyu ndiye mwenye kujua."

Mtoto alifurahi mpaka macho yakamtoka machozi. Akanibusu mkono. Mwalimu wake, kijana wa bara mwenye adabu, alikuja kutusalimia, akanipa mkono kwa heshima, akasema amesikia habari zangu. Sikuweza kumtazama.

Kiasi cha mwezi mmoja baadaye ikatangazwa kwamba anakuja tena, na mara hii peke yake. Ilikuwa sehemu ya mafunzo yao: kuruka safari ndefu bila ya mwalimu, kutua ugenini, kurudi. Mdogo wangu aliitangaza Ole nzima.

Asubuhi ya siku ile niliamka nikakuta Kusi linavuma kweli kweli. Bati la jirani lilikuwa linapiga. Minazi yote imeinamia upande mmoja. Namba ya mtoto nilikuwa nayo kwenye simu. Niliitoa simu, nikalitafuta jina lake, nikaliona, nikaitazama picha yake ndogo pale juu, yenye mistari mabegani. Nikajiambia wakubwa zake wanaujua upepo kuliko miye, na wakiona mkali hawatamruhusu. Nikairudisha simu mfukoni. Hilo la simu ndilo linalonijia mara kwa mara. La kwanza niliteleza mdomo. La pili nilikuwa nimekaa, nimetulia, na nilikuwa na muda.

Waliokuja uwanjani walikuwa wengi, wanawake wamevaa kama Siku ya Idd, na mama yake amebeba kikapu cha mikate ya kumimina ampe arudi nayo. Nikasimama nyuma. Ule mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo ulikuwa umejaa, umenyooka kukata barabara.

Ndege ikatokea. Ilikuja ikipigwa, inapanda inashuka, na watu wakaanza kutaja majina ya Mwenyezi Mungu. Niseme haki: alikuja vizuri mno. Vizuri kuliko nilivyowahi. Aliinyoosha, akalaza bawa, gurudumu la kushoto likagusa kwanza kama linavyotakiwa, kisha la kulia.

"Alhamdulillahi!" mama yake akapiga kelele, na viganja vikaenda usoni. Na wote pale kwenye uzio wakafanya hivyo hivyo.

Niliona kipande cha bawa kikilala.

"Shika!" nilisema. Sijui kama kuna aliyenisikia.

Bawa la kushoto lilinyanyuka, la kulia likagusa lami, ndege ikageuka kushoto kama mnyama aliyevutwa kamba. Ikatoka barabarani, gurudumu la mbele likavunjika kwenye majani, pua ikaanguka na panga la injini likachimba udongo mwekundu. Kisha kimya, ila upepo.

Gari la zimamoto lilifika kabla ya sisi. Alishuka mwenyewe. Alikuwa na mchaniko juu ya jicho na damu kwenye lile shati jeupe, na alikuwa anasema kitu kimoja tu: "Nilikuwa nimeshatua. Nilikuwa nimeshatua."

Mdogo wangu alimshika kwa mikono miwili. Alitazama watu waliokuja, mmoja mmoja.

"Jicho," akasema. "Wallahi, hili ni jicho."

Chuo chake hakikumfukuza. Walimwita wakamsikiliza, wakamwambia apumzike nyumbani wiki tatu, jeraha lipone, kisha arudi apimwe na mwalimu wao mkuu, kwa kutua katika upepo wa ubavuni. Akifaulu ataendelea. Asipofaulu, basi. Nilizitambua siku zile. Hata miye niliwahi kupewa.

Alikuja Ole, na nyumba ikajaa watu wa kumjulia hali. Kila aliyeingia alisema jicho. Mtoto mwenyewe mwanzoni alibisha. "Nimekosea miye," alisema, "sijui wapi, lakini nimekosea." Siku zilivyopita akaacha kubisha. Nilipokwenda kumwona wiki ya pili alikuwa amekaa ukumbini anakunywa kombe, ile sahani iliyoandikwa aya kwa zafarani ikaoshwa kwa maji ya waridi.

"Unajionaje?" nikamuuliza.

"Baba anasema nikimaliza haya kinga itakuwa imekamilika, nitatua bila ya tabu." Akanywa. "Nafikiri kweli, Ba'mkubwa. Maana weye mwenyewe ulisema kutua kwangu hakuna kasoro."

Sina ugomvi na kombe. Nimelinywa utotoni na nitalinywa tena. Lakini niliona anavyokwenda: anarudi kule na moyo uliotulia na mikono ile ile.

Hata hapo sikusema. Naliandika hili ili nisijipambe.

Ijumaa ya mwisho kabla ya safari yake, baada ya sala ya alasiri, mdogo wangu aliwakusanya watu wa nyumbani tu kwa dua. Tulikuwa miye, yeye, mkewe na mtoto, tumekaa kwenye mkeka ukumbini. Akanigeukia.

"Kaka, weye ndiye mkubwa wetu. Tusomee weye. Mwombee akingwe na huyo hasidi, popote alipo."

Nikainua mikono. Nikaanza kusoma zile sura fupi za kinga ambazo kila mtoto wa chuo cha Kurani anazijua kabla hajajua kufunga kitufe. Nikafika mahali pale panapotajwa hasidi, nikakwama. Wakadhani nimesahau. Mke wa mdogo wangu akanitajia neno kwa sauti ndogo, kwa adabu, kama anavyotajiwa mzee. Nikafungua mdomo, neno halikutoka.

Nikashusha mikono.

"Hapana jicho hapa," nikasema. "Ni miye."

"Umechoka, kaka. Kunywa maji."

"Sijachoka. Nisikilizeni."

Nikawaambia. Nilianza na miwani, maana bila ya hiyo mengine hayasimami. Nikawaambia macho yangu yalikuwa mazima, kwamba niliangusha ndege kwa kusema Alhamdulillahi na kupangusa uso, kwamba siku ile ya kwanza niliona kosa lile lile kwa mtoto, nikalijua, nikalisifu. Nikawaambia na ile simu.

Mdogo wangu aliitazama miwani usoni mwangu. Nilingoja anitukane.

"Miwani," akasema mwishowe.

"Naam."

"Mama aliiwekea nadhiri ile miwani. Alifunga siku saba, macho yako yapone."

Nikaivua, nikaiweka mkekani.

"Nilidhani damu yako imerudi," akasema. "Na imerudi kweli." Akainuka, akavaa viatu, akachukua jembe lililokuwa limeegemezwa mlangoni akaenda zake kwenye mihogo, Ijumaa alasiri, na nguo ya kuswalia. Mkewe alimfuata kwa macho, kisha akaanza kukusanya vikombe ambavyo hakuna aliyevinywea.

Mtoto alikuwa ananitazama. Uso wake haukuwa wa hasira. Ulikuwa uso wa mtu anayepiga hesabu.

"Kwani na weye uliachia?"

"Niliachia."

"Ukatoka upande gani?"

"Kushoto. Upande wa upepo."

"Hata miye." Akakunja uso. "Gurudumu likishagusa tu?"

"Likishagusa tu. Mwili unasema umefika. Bibi yako alisema mguu ukigusa ardhi. Gurudumu si mguu, mwanangu. Mguu wako bado uko ndani, juu ya pedali. Hujafika mpaka isimame."

"Mwalimu alinambia hivyo. Usiachie mpaka isimame. Na weye ukanambia..."

"Nilikwambia uongo."

Akaangalia mkeka. Halafu akasema, polepole, "Basi nifundishe."

Tulikaa kwenye benchi la nje. Nilitafuta matofali mawili nikayaweka chini ya miguu yake, na mama yake akatuletea mfuniko wa sufuria kubwa uwe usukani. Nilimwambia afumbe macho. Nilimshusha kwa maneno, mguu wa kulia, bawa la kushoto, polepole, polepole, kisha nikapiga kofi: "Umegusa!" Na kila mara, wallahi, mara kumi za kwanza, mfuniko ulilegea na mkono wa kulia ukaruka usoni. Alikuwa hajui kama anafanya. Mama yake aliyekuwa anachambua mchele kizingitini akaanza kucheka.

"Ati huyu ndiye wa kuendesha ndege! Sufuria lenyewe linamshinda."

"Mama, niache bwana!"

"Umegusa!" nikapiga kofi.

Mkono ukaruka.

"Tena," nikasema.

Tulifanya hivyo jioni ile na kesho yake yote. Nilimfundisha aongeze kuzungusha usukani kila ndege inavyopungua mbio, maana hapo ndipo upepo unapata nguvu juu yako. Mpaka ikawa napiga kofi na mkono hautikisiki, anabaki hivyo, meno ameuma, nami nahesabu kimoyomoyo, namchelewesha kwa makusudi, mpaka niseme, "Imesimama." Hapo ndipo alipokuwa akifungua macho, anateremsha mguu mmoja kutoka kwenye tofali mpaka kwenye udongo, na kusema Alhamdulillahi.

Mdogo wangu alipita mara mbili na jembe lake. Hakunisalimia.

Mtoto alirudi bara, akapimwa, akafaulu. Habari niliipata kwa yule rafiki yangu muuza samaki. Hakuna aliyenipigia simu, na sikustahili kupigiwa. Mdogo wangu sasa ananisalimia, ananiletea mihogo kama zamani, lakini haniiti mjuzi wa kitu. Picha yangu bado iko chumbani kwake. Nilimwambia aitoe, akasema, "Iache. Mama ndiye aliyeipenda."

Alipokuja tena na ndege, peke yake, Kusi lilikuwa bado linavuma. Nilikwenda, nikasimama mbali na wenzangu, mwisho wa uzio. Aligusa gurudumu la kushoto, kisha la kulia, na wote kule wakapiga kelele ya Alhamdulillahi, lakini kile kipande cha bawa hakikulala. Kilibaki kimesimama, kikazidi kusimama, ndege ikipungua mbio, ikipungua, mpaka ikawa inatembea kama mtu, na bado alikuwa amekishika. Hata alipokwisha kuiegesha na panga likasimama, kilikaa hivyo kidogo. Ndipo mlango ukafunguka, mguu ukashuka, na nikaona viganja vikienda usoni.

Nikiwa nimesimama pale, wivu ule ule ulinipanda. Nilidhani kukiri kungeuondoa. Alikuwa ametua kama nilivyotaka kutua miye, na miye nilikuwa upande huu wa uzio.

Aliwasalimia wote, akaja mpaka mwisho kule nilipokuwa.

"Shikamoo, Ba'mkubwa."

"Marahaba."

Alinishika mkono, akanibusu, akaniuliza hali ya mke wangu na ya mgongo wangu. Kisha akarudi kwa baba yake. Hakuniuliza nimeonaje.